Hedifoni za marehemu baba zimepoteza sauti ya mwimbaji, nibadilishe spika za ndani?

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa baharia, aliacha hedifoni aina ya Sennheiser HD 414, zile za sponji za njano, alizinunua Hamburg miaka ya sabini. Zimekaa kwenye sanduku hapa Tanga miaka mingi. Plagi yake ilikuwa ya ajabu, ina pini tano, nikampelekea fundi simu akaikata akaweka jeki ya eafoni za simu. Sasa sauti ni ndogo mno hata nikipandisha mpaka mwisho, besi hakuna, mwimbaji anasikika kama yuko kisimani ila gitaa na kinanda vya pembeni vinasikika. Taarabu za zamani alizokuwa anazipenda baba ndo karibu hazisikiki kabisa, nikafikiri labda hizi zilitengenezwa kwa muziki wa Kizungu. Cha ajabu nilipozichomeka kwenye redio kaseti ya mjomba ziliimba vizuri. Sponji nazo ukizishika zinakuwa unga. Fundi anasema spika za ndani zimechoka, aniwekee za kisasa kwa elfu ishirini na tano. Rafiki yangu yeye anasema ninunue waya wa fedha halafu nitoboe matundu nyuma ili besi itoke. Nifuate lipi? Sitaki kuziharibu, ila nataka nizitumie, sio ziwe pambo la kabatini."

Marahaba kijana, na pole kwa mzee. Kabla ya yote nikuombe kitu kimoja: usimpe mtu elfu ishirini na tano wiki hii. Nimesoma swali lako mara mbili, na kwa jinsi ulivyoeleza nina hakika karibu yote kwamba spika zako za ndani ni nzima kabisa, na tatizo kubwa ulilonalo ni waya mmoja uliochomelewa sehemu isiyo yake. Umenipa dalili tatu ambazo zikikutana pamoja haziachi nafasi ya kubahatisha: mwimbaji kapotea, taarabu za zamani zimenyamaza, na kwenye redio kaseti ya mjomba kila kitu kikarudi. Spika iliyochoka haiponi kwa kuhamishwa tundu.

Nianze na hapo kwenye jeki maana ndo penye ugonjwa.

Ukiangalia jeki ya redio za zamani utaona ina mistari miwili myeusi, maana yake imegawanyika vipande vitatu: ncha ni sauti ya kushoto, kipande cha katikati ni kulia, na kipande kirefu cha chini ni waya wa pamoja, mafundi tunaita athi au graundi, ndo njia ya kurudia kwa pande zote mbili. Jeki ya eafoni za simu ina mistari mitatu na vipande vinne, kwa sababu kuna maikrofoni. Na simu za siku hizi karibu zote zimepanga hivi: ncha kushoto, kinachofuata kulia, cha tatu graundi, na kile cha mwisho kabisa karibu na plastiki ni maikrofoni. Sasa fundi aliyezoea jeki za redio anachukua waya wa graundi anauweka kwenye kipande cha mwisho kama alivyozoea miaka yote, kwa jeki ya vipande vitatu angekuwa sahihi kabisa, ila kwa jeki ya vipande vinne ameiunganisha graundi na maikrofoni.

Kinachotokea hapo ni hiki. Umeme wa muziki unatoka kwenye simu upande wa kushoto, unapita kwenye spika ya kushoto, unataka kurudi nyumbani kupitia graundi, unakuta njia haipo. Njia pekee iliyobaki ni kupita kwenye spika ya kulia kwenda upande wa pili. Kwa hiyo spika zako mbili zimekuwa kama watu wawili wanaovutana kamba, kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kila kitu kilichorekodiwa sawasawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe. Na nini huwa kinawekwa katikati kwenye muziki? Mwimbaji. Besi. Ngoma kubwa. Vinabaki vile vilivyowekwa pembeni, gitaa la kulia, kinanda cha kushoto, na mwangwi wa mwimbaji, ndo maana unamsikia kama yuko kisimani, yaani unasikia kisima bila mtu.

Taarabu za zamani zile nyingi zilirekodiwa kwa mono, kushoto na kulia ni kitu kile kile, sasa ukitoa kimoja kwenye kingine unabaki na nini? Na mikwaruzo ya kanda tu. Hilo la muziki wa Kizungu litoe kichwani, hedifoni haina kabila, inatikisika kwa umeme inaoletewa basi.

Na redio ya mjomba iliimba kwa sababu tundu lake ni la vipande vitatu, lile bati lake la graundi linagusa kule chini kabisa kwenye jeki, ambako ndiko fundi alikochomelea. Hamna muujiza. Ukitaka kujithibitishia, chukua eafoni zozote nzima za simu, cheza wimbo, halafu vuta jeki taratibu itoke kidogo tu, kuna sehemu mwimbaji atapotea na kuwa kisimani vile vile. Watoto wa zamani tulikuwa tunafanya hivyo makusudi ili tuimbe juu ya wimbo.

Usimchukie fundi wako lakini. Kosa hili nimelikuta mara nyingi na mimi mwenyewe nilishalifanya nikiwa na haraka. Ila mwambie asiitupe ile plagi ya pini tano, mwombe akurudishie. Ile ni plagi ya kijerumani ya wakati ule, pini zimepangwa kama tano ya dadu, na kwenye redio na ampli za Ujerumani ukiichomeka upande mmoja spika za sebuleni zinaendelea kuimba, ukiigeuza juu chini spika zinazima unabaki na hedifoni peke yako. Akili nzuri sana ile, sijui kwa nini waliiacha. Ni sehemu ya hedifoni za baba yako, iweke kwenye bahasha.

Sasa tupime, tusibishane kwa maneno. Azima multimita, hata ile ya bei rahisi ya manjano, weka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, skeli ya elfu ishirini. Hedifoni zisiwe zimechomekwa popote. Gusa ncha ya jeki na kipande cha pili. Ukipata namba inayokaribia 4000 ujue spika zote mbili ni nzima, umeme unapita zote mbili zikiwa zimefuatana. Halafu gusa ncha na kipande cha tatu, kile kinachotakiwa kuwa graundi: kama mita haisomi kitu, na ukihamia kipande cha nne inasoma karibu na 2000 au pungufu kidogo, basi kesi imeisha, nimekwambia. Dawa yake ni kukata ile jeki na kuweka ya vipande vitatu, nunua ya chuma inayofunguka kwa kuzungusha, sio ile ya plastiki iliyoyeyushwa pamoja na waya. Jeki ya vipande vitatu kwenye simu inafanya kazi vizuri tu, unakosa maikrofoni ambayo hata hivyo huna.

Kama namba zako ni ndogo zaidi, usishtuke, matoleo ya baadaye ya HD 414 yalikuja na omu pungufu. Muhimu ni kwamba kushoto na kulia zifanane. Upande mmoja ukisoma na mwingine usisome, usikimbilie kusema spika imekufa: waya wa hedifoni hizi unachomoka kule kwenye kila sikio, ina kijiplagi cha pini mbili. Badilishana, wa kushoto uweke kulia na wa kulia kushoto. Ugonjwa ukihama na waya, waya ndo mgonjwa. Ukibaki sikio lile lile, hapo ndo kapsuli, yaani spika yenyewe ya ndani, ina shida. Na vile vipini vikishakaa pwani miaka arobaini vinakuwa na ukungu wa kijani, vifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, chomeka chomoa mara kumi hivi, mara nyingi sauti inarudi hapo hapo.

Ukishaweka jeki sahihi mwimbaji atarudi na besi itarudi, lakini nisikudanganye, sauti bado itakuwa ndogo kwenye simu. Hili ni jambo la pili na halina uhusiano na ubovu.

Hizi hedifoni zilitoka mwaka 1968 pale kijijini Wennebostel karibu na Hannover, ndo hedifoni za kwanza za wazi kuuzwa duniani, maana kabla ya hapo hedifoni zilikuwa mabakuli mazito yanayobana masikio na kuyatokesha jasho. Zilizotoka wakati ule zilikuwa na omu 2000 kila upande. Za siku hizi za simu ni omu 16 au 32. Kwa nini wao waliweka omu nyingi hivyo? Kwa sababu vifaa vya wakati ule, rekoda za tepu na ampli, vilikuwa na volti za kutosha ila havikupenda kunyonywa umeme mwingi. Hedifoni ya omu 2000 inanyonya kidogo sana, unaweza kuichomeka hata kwenye tundu la kurekodia la rekoda bila kulichosha. Koili yake imezungushwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko mingi mingi, inahitaji volti, haihitaji nguvu.

Simu yako ni kinyume chake. Inaweza kutoa nguvu ya kutosha kwa omu 32 lakini volti zake ni ndogo, nyingi zinatoa kati ya nusu volti na volti moja. Piga hesabu mwenyewe: volti moja kwenye omu 32 ni kama miliwati 31, volti hiyo hiyo kwenye omu 2000 ni nusu miliwati. Tofauti ya mara sitini na kitu, kwenye sikio ni kama desibeli 18, yaani ni kama mtu aliyekuwa anaongea na wewe mezani ahamie uani. Na kwa lile kosa la jeki ulikuwa unaziimbisha kwenye omu 4000, tena baada ya nusu ya muziki kujifuta. Mimi nashangaa hata ulisikia hicho kisima.

Ufumbuzi wa rahisi kuliko wote huenda uko kwa mjomba. Redio kaseti na ampli za zamani zinatoa volti nyingi kwenye tundu la hedifoni, ndizo ndugu zake hizi. Ukipata ampli ya zamani ya sebuleni yenye tundu lile nene la hedifoni, unaingiza simu kwa nyuma na unasikiliza kama mzee alivyokuwa anasikiliza. Lakini anza na sauti ikiwa sifuri kabisa, pandisha kidogo kidogo, maana tundu hilo ndani linatoka kwenye spika kubwa kupitia rizista, na hedifoni ya omu nyingi inapata karibu volti zote. Masikio hayana fundi.

Kama unataka kutembea nazo, tafuta kile kidude cha USB-C chenye tundu la hedifoni, ila angalia volti zake kabla ya kulipa. Vipo vinavyotoa volti 2, hivyo vinakuongezea desibeli 6 juu ya simu ya volti moja, sio mchezo. Hata kile cha Apple kinachosifiwa kina matoleo mawili, cha Marekani kinatoa volti moja na cha Ulaya nusu volti, kwa macho vinafanana. Kuna na ampli ndogo za mkononi za betri, hizo pia sawa. Kitu nisichotaka kabisa ufanye ni kuunganisha hedifoni kwenye zile bodi ndogo za ampli za spika zinazouzwa bei rahisi, au kwenye ampli ya gari. Kwenye nyingi ya hizo, ule waya hasi wa spika sio graundi, nao una umeme wa muziki, ukiunganisha kushoto na kulia kwa graundi moja kama jeki inavyofanya unaunguza ampli na pengine koili pamoja nayo.

Sponji sasa. Hapa watu wengi wanadhani sponji inaisha kwa kutumika. Hapana, ingeweza kukaa ndani ya boksi haijaguswa na bado ikawa unga. Sponji ya aina hii ni poliurethani, na adui yake ni unyevunyevu, maji yaliyo kwenye hewa yanaingia taratibu na kukata zile nyuzi zake, kwanza inanata kama gundi, halafu inakauka inakuwa makombo. Ni ugonjwa ule ule wa soli za viatu vya mtumba, unavikuta vizuri kama vipya, unavivaa siku ya harusi, ukifika mlangoni unaacha soli nyuma. Na Tanga kwa joto na hewa ya bahari, ndani ya sanduku lililofungwa, hiyo kazi inakwenda haraka zaidi.

Kwa hiyo sponji hazitengenezeki, zinabadilishwa. Ila kuzitoa ndo kuna hatari kuliko unavyofikiri, na hapa nikueleze aibu yangu. Miaka mingi nyuma mteja aliniletea hedifoni za wazi zenye sponji zilizooza hivi hivi, unga umejaa kwenye vitundu vya mbele ya spika. Nikachukua bloa ile ya kupulizia vumbi kwenye kompyuta, nikapiga mara moja tu. Unga ulitoka kweli. Na utando wa spika ukabonyea ndani kama kifuniko cha kopo. Ule utando ni karatasi laini ya plastiki, umeshikwa kingoni tu. Nililipa mimi. Tangu siku hiyo bloa haisogei karibu na hedifoni kwenye meza yangu, wala mashine ya kunyonya vumbi, wala mdomo kupuliza kwa nguvu.

Fanya hivi. Kaa mahali penye mwanga, tandika kitambaa cheupe, ishike hedifoni uso wa spika ukitazama chini ili unga uanguke nje usianguke ndani. Vua sponji taratibu, imevalishwa tu kama kofia. Makombo yaliyobaki yaokote kwa brashi laini ya kuchorea, na yale yanayonata yaguse kwa selotepu iliyozungushwa kidoleni upande wa gundi nje. Plastiki ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usiguse thina wala petroli, najua mafundi wetu wanazipenda, zinaila plastiki hiyo na kuipasua. Na tafadhali usifanye kazi hii juu ya meza ya fundi ambayo imejaa vumbi la chuma! Nyuma ya ule utando kuna sumaku, na sumaku haichagui, chembe moja ya chuma ikiingia utasikia mkwaruzo kila besi ikigonga na utadhani spika imepasuka. Ikishaingia inatolewa kwa kuigusa na gundi laini ile ya kubandika picha ukutani, kama inafikika. Kama haifikiki, acha.

Sponji mpya za njano zinapatikana mtandaoni, zinatengenezwa bado maana hedifoni hizi ziliuzwa mamilioni. Kuna kichekesho pia, Wamarekani wenye hedifoni za Grado, zile za Brooklyn, wananunua sponji hizi hizi za 414 wanazikata tundu katikati saizi ya sarafu ya robo dola na kuzivalisha kwenye Grado zao kwa sababu wanaona sauti inapendeza. Kwa hiyo ukikuta tangazo la sponji zenye tundu katikati ujue hizo sio zako.

Ukishindwa kuagiza unaweza kukata mwenyewe, lakini sio kila sponji inafaa. Ya godoro na ya sofa nyingi zimebana mno. Kipimo chake ni mdomo: weka kipande mdomoni upulize, kama hewa inapita bila kukusumbua basi sauti nayo itapita. Ile ya vichujio vya matangi ya samaki inapita vizuri sana ila ni ngumu kidogo sikioni. Unene anza na sentimita moja na nusu. Na hapa ndo tunaingia kwenye kile watu wanaita kumodifai, maana sponji kwenye hedifoni hii sio mto wa kustarehesha sikio tu, ni sehemu ya sauti. Ukiifanya nyembamba, spika inasogea karibu na sikio, besi inaongezeka, na trebo, zile sauti nyembamba za juu, inakuwa kali. Ukiifanya nene sauti inatulia, inakuwa pana, inapoteza tumbo. Ukitoboa katikati trebo inachomoza. Nunua kipande kikubwa, kata jozi tatu za unene tofauti, sikiliza wimbo ule ule unaoujua. Ni mchezo wa jioni nzima na haugharimu kitu, na lile la muhimu kwangu, kesho unaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Tuje kwa rafiki yako. Waya wa fedha: waya wako wa sasa una labda omu moja au pungufu, spika ina omu 2000. Hata ukiweka waya wa dhahabu iliyobarikiwa tofauti haifiki popote. Badilisha waya kama umekatika au umekauka, sio kwa sababu ya sauti. Kutoboa nyuma: hedifoni hizi ziko wazi tayari, ndo sifa yake ya kwanza, kuongeza matundu ni kutoboa wavu. Na besi haitoki kwa kuipa hewa zaidi, ni kinyume chake. Utando ukisukuma hewa mbele, nyuma unavuta, na kwa mawimbi marefu ya besi hiyo hewa ya mbele inazunguka ukingo kwenda kujazia nyuma kabla haijafika sikioni. Kadiri palivyo wazi ndivyo inavyovuja.

Ndo maana wengine wanafanya kinyume, wanaziba. Ukitaka kujaribu, chukua ile selotepu ya karatasi ya wapaka rangi, ziba kama nusu ya matundu ya nyuma, sikiliza. Utapata besi kidogo ya juu juu, ile ya kugonga, lakini na sauti ya mwanamke itaanza kusikika kama anaimba ndani ya debe. Mimi huwa naibandua. Labda wewe utaipenda, masikio ni yako, na tepu ya karatasi haiachi alama.

Ekwalaiza ya kwenye simu ni njia ya heshima zaidi, watu wanaidharau bure. Pandisha pale kwenye hezi 100 kwa desibeli 4 hivi, shusha kidogo pale trebo inapochoma. Ila kumbuka hesabu yetu ya volti: ukipandisha besi kwa desibeli 4 lazima ushushe sauti yote kwa kiasi hicho hicho isije ikakwaruza, na volti zenyewe huna. Ndo maana nasema ampli kwanza, ekwalaiza baadaye. Na hata ukifanya yote, hizi hazitakupa besi ya singeli ya kutikisa kichwa, hazikuumbwa hivyo. Zitakupa sauti ya mtu akiimba karibu yako, udi, fidla, kinubi cha sauti ya kati, vitu hivyo zinavitoa kwa namna ambayo hedifoni nyingi za elfu themanini za dukani hazivifikii. Kama unataka besi nunua nyingine, uwe nazo zote mbili.

Na ile ofa ya spika za kisasa, nieleze kwa nini nimeikataa wakati sijaiona. Ile spika, kile kikombe, matundu ya nyuma, sponji na umbali wa sikio vilipimwa pamoja. Spika inayouzwa mtaani imetengenezwa kwa kikombe kilichofungwa na mto wa ngozi unaobana, ukiipachika kwenye kikombe cha wazi itapiga kelele katikati na besi itavuja yote. Tena haitaenea vizuri, itabidi fundi achonge plastiki, na plastiki ikishachongwa hairudi. Utakuwa umebaki na hedifoni za elfu kumi ndani ya ganda la baba yako.

Kuna wakati mmoja tu ambapo ningekwambia uende kwa mtu: kama umebadilishana waya na bado sikio moja halisomi kwenye mita. Mara nyingi ni ule unywele wa koili umekatika pale unapochomelewa. Unatengenezeka, lakini kwa chombo cha kuchomelea chenye ncha ya sindano, kioo cha kukuza, na mkono usiotetemeka, fundi simu anayebadilisha aisii, vile vichipu vidogo vya bodi, anaweza kuliko fundi redio wa zamani kama mimi, macho yangu hayataki tena. Mwambie apime kwanza, asivute kitu, asipashe moto zaidi ya sekunde moja mbili maana plastiki inalegea na utando unajikunja. Akikataa kazi mshukuru, huyo ni mkweli. Unaweza kutafuta 414 nyingine mbovu ya upande wa pili mtandaoni ukachukua kapsuli yake, watu wanaziuza hivyo hivyo. Na ukiamua kutumia ampli ya zamani iliyokaa miaka bila kuwashwa, usiifungue mwenyewe, ile ina umeme wa ukutani na kapasita zinazoshika chaji hata ikiwa imechomolewa. Hiyo mpelekee fundi.

Ukimaliza zihifadhi nje ya sanduku, mahali penye hewa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, unabadilisha vikishalowa.

Anza na mita basi. Niandikie namba tatu: ncha na kipande cha pili, ncha na cha tatu, ncha na cha nne. Kama ni vile ninavyodhani, kazi ya jeki ni ya nusu saa, na ukishaivaa anza na moja ya zile taarabu za mzee.